Afande, Hiyo Ni Dawa ya Meno

Jamani, mimi sina ugomvi na usalama. Nikaguliwe, nipapaswe, hata mkoba wa mke wangu umwagwe mezani (hapo nitaomba nisogee karibu, maana sijawahi kujua mle mna nini). Ndege ikishapaa hakuna pa kuteremkia. Ninachoomba ni kwamba anayenikagua aje kazini na akili zake, asiziache nyumbani.

Chukua dawa ya meno. Sheria ya viwanja vingi vya ndege inataka kimiminika cha begi la mkononi kiwe kwenye chombo kisichozidi mililita 100. Sawa. Tyubu yangu imeandikwa 150, lakini nimeikamua mpaka imebaki ngozi tupu. Iliyomo inatosha kusugua meno mawili, tena yawe yamepakana. Afande anaisoma, anaigeuza, anaisoma tena.

"Mzee, hii imezidi."

"Imezidi nini, mwanangu? Hebu ibonyeze."

"Hatuangalii kilichomo. Tunaangalia maandishi."

Kumbe siku hizi hatari inasomwa kwenye lebo! Basi mhalifu akipata karani mzuri wa kumwandikia vibandiko, kazi imekwisha.

Najua yalikotoka. Agosti 2006, polisi wa London waliwakamata watu waliopanga kulipua ndege za kwenda Amerika Kaskazini kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Njama ya kweli, siibezi. Lakini tazama dawa yangu ilikotupwa: kwenye pipa, na pipa lenyewe lipo hapohapo ubavuni mwa foleni, watoto wanaliegemea. Ndani kuna maji, shampuu, losheni, marashi, vyote vimemwagikiana. Kama mnaogopa vitu hivi, mbona mnavirundika katikati ya watu? Na kama hamviogopi, nirudishieni nikapige mswaki.

Ukivuka hapo, hatua chache mbele, kuna duka. Linauza maji, na pombe kwenye chupa za kioo. Chupa yangu ya plastiki ilikuwa tishio. Ya kioo, mradi nimeinunua upande ule, ni zawadi.

Marekani ndiko kulikonishinda. Huko maji yakiganda yakawa jiwe, yanapita. Foleni ikichelewa yakaanza kuyeyuka, tayari ni kosa. Siagi ya karanga nayo wameihesabu kuwa kimiminika. Siagi ya karanga! Ile inayomganda mtu kooni mpaka apigwe mgongoni.

Halafu viatu. Desemba 22, 2001, mtu mmoja ndani ya ndege ya Paris kwenda Miami alijaribu kuwasha kilipuzi alichokificha kwenye kiatu. Abiria na wahudumu wakamkamata. Baadaye, kuanzia 2006, Wamarekani wakaambiwa karibu kila msafiri avue viatu, na amri hiyo haikuondolewa mpaka Julai 2025. Hesabu mwenyewe vidole gumba vilivyochungulia kwenye soksi muda wote huo mbele ya kadamnasi. Kuna watu uchumba wao nadhani ulivunjikia pale.

Sasa siku ya Krismasi ya 2009, mwingine akaja na kilipuzi kwenye chupi, ndege ikielekea Detroit. Habari hiyo niliisikia nikashika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, maana wale watu nishajua mwenendo wao: mmoja akikosea na vazi, wote tunalivua. Mungu saidia, safari hii wakaona bora waongeze mashine za kumulika mwili. Unaingia, unapanua miguu, unainua mikono kama mwizi wa kuku aliyenaswa alfajiri, na bado ukitoka unaambiwa ngoja kidogo, kuna kitu kiunoni. Ni kiuno, afande. Kimeongezeka tu.

Lakini mwenzenu nilichoka kabisa siku nilipomwona rubani kwenye foleni ileile. Sare imenyooka, nyota mabegani, naye katoa mkanda kauweka kwenye trei, begi lake linapekuliwa asije akawa na kisu. Yule ndiye anayekwenda kukabidhiwa ndege nzima, matangi ya mafuta, na mimi. Tena humo anamokaa, ndege kubwa za abiria huwekewa shoka la dharura. Shoka! Na mlango wake siku hizi ni wa kuzuia hata risasi, anajifungia kwa ndani. Sasa mtu huyo akiamua kutukorofisha, kweli ataanza kuhangaika na kisu cha mfukoni?