Juisi ya noni na kolestro: madaktari mnawaonea

Kila ikitajwa noni, lile tunda ambalo juisi yake inauzwa kama tiba, watu wanagawanyika, hawa wanasema imewashusha kolestro, wale madaktari wanasema endelea na dawa zako, na hao wa pili ndio wanaotukanwa zaidi, eti wanalinda biashara ya vidonge. Mi naona wanaonewa.

Tuipe noni haki yake kwanza, maana inayo. Lile tunda lina iridoidi, aina ya kemikali za mimea, na mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa wavutaji sigara 132, wale wa kupindukia, wengine wakapewa juisi ya noni wengine kinywaji cha kuzugia, kwa mwezi mmoja. Wa noni kolestro yao ya jumla ilishuka kwa wastani kutoka 235 hadi 190 hivi (mg/dL), trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) nazo zikashuka, waliozugwa wakabaki karibu palepale. Kwahiyo sio porojo tupu.

Ila hiyo 235 hadi 190 ndio inayoninyima usingizi. Pointi 45, karibu asilimia 19, ndani ya mwezi, na kuna waliokuwa wanakunywa kama mililita 30 tu kwa siku, yaani vijiko viwili vya chakula! Kingekuwa kidonge tungeuliza nani kapima, kimerudiwa wapi, hao watu mwezi huo walikula nini. Kwenye noni kimya. Ukiuliza unakuta baadhi ya watafiti wametoka kampuni inayouza juisi yenyewe, sisemi wamedanganya, ila mwenye duka hakagui mizani yake mwenyewe. Halafu ni wavutaji, damu yao ilishavurugwa na moshi, sasa wewe ambaye hata sigara hujawahi kushika unaichukuaje namba yao unaifanya yako? Statini, vile vidonge vya kushusha kolestro, zimepimwa kwa maelfu ya watu kwa miaka, na hawakuishia kwenye majibu ya maabara, waliangalia nani kapata shambulio la moyo na nani kafa. Noni haijafika huko.

Wanaosema inaua ini nao wapunguze, zilitokea kesi chache Ulaya, mamlaka ya usalama wa chakula ya huko ikazichunguza 2006 na haikuona ushahidi wa kuaminika kwamba noni ndio chanzo.

Cha kuogopa ni potasiamu, madini ambayo yakizidi kwenye damu yanavuruga moyo. Noni inayo nyingi, inakaribiana na juisi ya machungwa, na mwaka 2000 iliripotiwa kesi ya mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake ilikuwa juu wakati anasema anafuata masharti ya chakula, kumbe kuna noni anakunywa. Na mwenye kolestro mara nyingi presha nayo anayo, yuko kwenye lisinopril au losartan, dawa zinazobakiza potasiamu mwilini, na mtu wa hivyo ndio muuzaji anamwambia atupe vidonge apige glasi asubuhi na jioni. Daktari anayemwambia subiri kwanza, tupime figo na potasiamu, hajatumwa na kampuni yoyote ya dawa.