Nenda sokoni na flashi yako

Mdogo wangu alinipigia simu Jumamosi jioni: "Yaya, nimejua sasa sababu ya hii Linux kutolewa bure. Ni ya bure kabisa!"

Alikuwa amenunua laptopu ya okazo, yaani iliyokwisha kutumika, kule komuni ya Kenya hapa Lubumbashi, dola 130, akaweka Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, mpaka mwisho. Kila kitu sawa, ila waifai haikuwapo. Si kwamba ilikuwa dhaifu. Haikuwapo.

Mimi siilaumu Linux, nalaumu tunavyonunua. Hapa Lubumbashi muuzaji akishasema "Papa, hii ni i5, giga 8", tunatoa pesa. Nani huuliza kadi ya waifai ni ya kampuni gani? Ya mdogo wangu ilikuwa Broadcom, na baadhi ya kadi hizo hutaka draiva (programu ya kuifanya kadi ifanye kazi) ya kushusha mtandaoni. Yaani ufunguo umebaki ndani ya nyumba iliyofungwa. Tuliokolewa na simu yake ya Android: tukaichomeka kwa kebo ya kuchajia, tukawasha kugawa intaneti kwa USB, Mint ikaipokea papo hapo, draiva ikashuka.

Usumbufu huo wote ungeepukika palepale kwa muuzaji. Flashi ya giga 8 yenye Mint huwasha mashini bila kugusa diski yake. Ukiwasha, Lenovo bonyeza F12, HP F9, uchague flashi. Kisha jaribu: waifai kwa simu yako, sauti, kamera, mwanga wa kioo. Funga kifuniko ilale, fungua uone kama inaamka. Chomoa chaja pia uone betri, maana umeme wetu unaujua. Muuzaji akikataa, mshukuru, nenda meza ya pili.

Mimi ningechukua ThinkPad ya Lenovo au Latitude ya Dell, ya ofisini iliyochubuka, yenye waifai na grafiki za Intel, kwa sababu Intel wenyewe huandika draiva zao ndani ya Linux. Grafiki za Nvidia mwachie aliyezoea. Na usiogope umri: Windows 11 rasmi huzikataa prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8, na Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini nzima kabisa zinatupwa kwa sababu hiyo tu. Ukiwa na RAM giga 4, chukua Mint ya Xfce, toleo lake jepesi.

Jambo jingine dogo, lakini limenichekesha wiki nzima. Wakati wa kuweka mfumo, mdogo wangu aliacha kibodi ya Kiingereza, na mashini yake ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa. Akaandika nenosiri bila kuona herufi. Baadaye akarekebisha kibodi iwe ya Kifaransa, nenosiri likakataa. Tulikaa nusu saa tukihesabu vitufe. Kumbe "mama" aliyoiandika ilikuwa imehifadhiwa kama ;q;q. Nilimwambia abadilishe. Amekataa, anasema hakuna mwizi atakayelikisia.