Panya wa Friza Hataki Haraka

Wageni wanaofika kwenye banda letu la maonyesho ya nyoka hapa Mbeya hushangaa wakisikia kwamba panya atakayeliwa na chatu Jumapili jioni hutolewa kwenye friza tangu Jumamosi na kuhamishiwa kwenye friji. Mwenzangu wa kazi naye huona ni usumbufu, kwa sababu kwake baridi ya Juni na Julai inatosha kuigeuza meza yoyote ya Mbeya kuwa friji. Simkubalii hata kidogo. Usiku meza hiyo ni baridi kweli, lakini kufikia saa sita mchana jua limeshaingia dirishani na nyama imepata joto. Kugandisha hakuui bakteria kama salmonela, huwalaza tu, na utumbo wa panya unao wa kutosha.

Nasema hivi nikiwa nimeshakosea mwenyewe. Julai moja nilisahau kumtoa panya mapema, nikammiminia maji yaliyochemka kutoka kwenye birika. Ngozi ilianza kuchunika vidoleni mwangu ilhali tumbo lilikuwa gumu kama jiwe, nami nikamlisha hivyohivyo. Usiku ule umeme ukakatika, taa ya kumpasha chatu joto ikazimika, na siku ya pili akamtapika panya mzima, akiwa na harufu ambayo sitaieleza hapa. Siwezi kuilaumu barafu peke yake, maana nyoka aliyepoa hasagi chakula hata kingekuwa kizuri namna gani. Ila mambo hayo mawili yalipokutana, ilinibidi kumpumzisha wiki mbili kabla ya kumlisha tena.

Siku hizi panya akishalainika kwenye friji, namtia ndani ya kopo lenye mfuniko, nalikandamiza kwa jiwe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kiasi cha yale ya kumwogeshea mtoto mchanga, na kuyabadilisha yanapopoa. Kisha nambonyeza tumbo kwa kidole gumba. Nikihisi kigumu chochote, anarudi majini. Joto hilo si la kumdekeza nyoka, kwani chatu ana vishimo kwenye midomo yake vinavyohisi joto la windo, na panya wa baridi mara nyingi humpita kama kipande cha kuni. Kuhusu mikrowevu, sina la kujadili: humpika panya upande mmoja, na anaweza kupasuka humo ndani. Beseni na kopo hilo, bila shaka, havirudi jikoni.

Wapo wanaoniambia nimpe panya hai ili niondokane na shughuli yote hii. Hao hawajaona kidonda ambacho panya aliyebanwa kwenye kona anaweza kumwachia nyoka.

Kinachonisumbua zaidi ni umeme. Ukikatika muda mrefu na panya wakalainika kwenye friza, siwagandishi tena. Nawafukia nyuma ya banda, ingawa ni hasara. Na ukikatika siku ya kulisha, chatu anasubiri hadi taa yake iwake.