Kilomita 5,000 mpaka lini?

Kero yangu ni kile kibandiko cha gereji. Kila nikipeleka gari sevisi, fundi anabandika kwenye kioo: rudi kubadilisha oili baada ya kilomita 5,000. Nimemweleza kwamba gari ni jipya, linatumia oili ya sintetiki, inayodumu kuliko ya kawaida, na kitabu chake kimeandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Jibu lake? "Achana na vitabu, bosi."

Kisha anachomoa kijiti cha kupimia na kunionyesha oili ilivyokuwa nyeusi, kana kwamba huo ndio ushahidi. Oili kuwa nyeusi si kuharibika! Ina viambato vya kusafisha vinavyoyabeba masizi yasigande ndani ya injini, kwa hiyo rangi kubadilika ni dalili kwamba inafanya kazi. Inaniuma kumwaga oili ambayo bado ni nzima.

Sikatai, yapo magari yanayopaswa kuwahi. Safari fupifupi ambazo injini haipati joto la kutosha, vumbi, foleni, kuvuta tela: kitabu hichohicho kina sehemu ya matumizi magumu, yenye kilomita chache zaidi. Na anayeendesha mara mojamoja asingoje kilomita zitimie, maana oili huchakaa hata kwa muda.

Lakini ili kujua hayo, fundi lazima aniulize gari naliendeshaje na wapi. Hajawahi kuniuliza, hata siku moja. Anachukua kalamu tu, anaandika 5,000.