Hermes ilizama bila ndege: je, kosa lilikuwa la uwanja?

Aprili 9, 1942, ndege za Japani ziliizamisha Hermes, manowari ya Uingereza ya kubeba ndege, karibu na Batticaloa, Sri Lanka. Zaidi ya mabaharia 300 walikufa. Sitahani hapakuwa na ndege hata moja: zake zilibaki China Bay, uwanja wa ndege wa Trincomalee, meli ilipotolewa bandarini usiku kukwepa shambulio.

Anayeona viwanja vya wanamaji, yaani vya nchi kavu vinavyohudumia ndege za meli, vinaitenganisha meli na silaha yake ana hoja nzito hapa, na siwezi kuipuuza.

Lakini meli ya namna hii ikishatia nanga, ndege zake zimefungwa. Ndege kama Swordfish yenye topido haipati nguvu ya kupaa mpaka meli ikimbie kuukabili upepo. Ndiyo maana ndege hutangulia nchi kavu kabla meli haijaingia bandarini. Huko marubani hawapotezi mazoea ya kuruka, mafundi hufungua injini kwa nafasi, na adui akitokea ipo njia ya kurukia. Kosa la Hermes, kwa maoni yangu, ni kuipeleka baharini mikono mitupu huku ikitegemea ulinzi wa kutoka pwani. Ndege aina ya Fulmar zilizotumwa kuiokoa zilifika imeshazama.

Udhaifu wa viwanja hivi ninaouona mimi ni mwingine, nao ulionekana kwetu. Baada ya kipigo kile, Kilindini ikawa kambi kuu ya meli za Uingereza za Bahari ya Hindi, chini ya Admirali James Somerville, na viwanja vya wanamaji vikafunguliwa pwani ya Afrika Mashariki. Wa Tanga ulisajiliwa mwaka huohuo kama meli, HMS Kilele, kwa desturi ya Waingereza ya kuvipa vituo vya nchi kavu majina ya manowari. Lakini manowari zake za kubeba ndege, Indomitable na Formidable, ziliitwa kwingine kabla mwaka haujaisha, na ya tatu, Illustrious, ikaondoka Januari 1943. Mpaka Battler, manowari ndogo ya kubeba ndege, ilipofika Oktoba, Somerville hakuwa na manowari hata moja ya kubeba ndege.

Uwanja hutaka miezi ya kusawazisha ardhi, kuchimba maghala ya mafuta na kuleta mafundi. Meli huhama kwa amri ya siku moja. Mwaka 1944 Kilele ilifungwa. Meli zilikuwa zimerudi Trincomalee, na ndege zikawa zinatua tena China Bay.