Nani anamteua msimamizi wa uchaguzi wa mtaa?

Bila mhuri wa serikali ya mtaa, mkazi wa Sombetini jijini Arusha au Pasua mjini Moshi hutaabika kupata hata barua ya kumdhamini ndugu yake aliyeko mahabusu. Ndiyo maana vyama hugombania uenyekiti wa mtaa kwa nguvu zote, ingawa hauna mshahara wa maana.

Uchaguzi huo hausimamiwi na Tume ya Uchaguzi bali na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Waziri hutunga kanuni, na mkurugenzi wa halmashauri huwa msimamizi. Mkurugenzi huyo ameteuliwa na Rais, ambaye kwa desturi ndiye pia mwenyekiti wa chama tawala, CCM.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja, tena si nyepesi. Tanzania ina mitaa zaidi ya 4,000, vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 64,000. Tume ingelazimika kuajiri jeshi la watu, wakati halmashauri tayari ina watumishi hadi kwenye kata. Halafu kuna mwaka 2014: TAMISEMI hiyohiyo ilisimamia, na wapinzani wakanyakua mitaa mingi mijini, Arusha na Moshi zikiwamo. Kama mfumo wenyewe ni mtego, walipitaje?

Kwangu mimi, mfano huo wa 2014 unaukosoa mfumo kuliko kuutetea. Miaka mitano baadaye, wizara ikiwa ileile, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, wengi kwa makosa madogo ya ujazaji wa fomu. Chadema, chama cha upinzani, ikasusa. Siku chache baadaye waziri akatangaza kwamba walioenguliwa wanaweza kuendelea. Lilionekana tangazo la huruma, lakini lilionyesha jambo zito: mlango unaofungwa na kufunguliwa kwa kauli ya waziri hauna mwenyewe mwingine. CCM ilizoa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2024 hali haikutofautiana sana, ingawa haki itendeke: safari hiyo kuna nafasi nyingi ambazo wapinzani hawakusimamisha mgombea kabisa, na kwa hilo hawawezi kumlaumu mkurugenzi peke yake.

Arusha inalijua hili kwa uchungu. Katika uchaguzi wa meya wa Desemba 2010, Chadema ililalamika kuwa taratibu zilikiukwa, ikahoji pia uhalali wa kura ya mbunge wa viti maalumu iliyedai kuwa ni wa Tanga, si wa Arusha. Januari 5, 2011 watu wakaandamana, polisi wakafyatua risasi, watatu wakafa. Chimbuko lake lilikuwa swali la kiutawala tu: nani ana haki ya kupiga kura katika baraza ambalo katibu wake ni mkurugenzi? Na kushinda baraza hakutibu tatizo. Mwaka 2015 Chadema ilizichukua halmashauri za Arusha na Moshi, mameya wakawa wake, lakini wakurugenzi waliendelea kuteuliwa na Rais.

Mahakama nazo hazikukubaliana. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema si sawa wakurugenzi kusimamia uchaguzi mkuu. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake hapahapa Arusha, ikaona kwamba sheria iliyowaruhusu wakurugenzi kusimamia uchaguzi ilikiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Ila kesi hiyo ilihusu uchaguzi mkuu. Mtaa haukuguswa.

Sheria ya Tume ya 2024 inaitaja Tume kuwa msimamizi wa uchaguzi wa mitaa, kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine ya Bunge. Hata hivyo, uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024 ulifanyika kwa kanuni za waziri. Anayedai gharama ni kubwa mno anaweza kuanzia padogo: watumishi wabaki walewale, ila rufaa za walioenguliwa zisikilizwe na hakimu badala ya kamati ya watumishi wenzake msimamizi. Hilo halihitaji jeshi la watu. Linahitaji waziri akubali kupunguziwa kauli.