Popo hakubweka, basi rudini nyumbani

Jumanne iliyopita mtoto wa jirani yangu hapa Pasua, Moshi, miaka saba, aliokota popo chini ya mwembe akamtia kwenye kopo la siagi. Popo mchana kweupe, yuko chini, haruki. Hapo mtu mzima angeshtuka, lakini mtoto kapata mchezo. Alipomtoa kuwaonyesha wenzake, aling'atwa kidole cha shahada. Nilikitazama mwenyewe: vitundu viwili kama vya pini na tone moja la damu. Tukakiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili kwa saa ya simu, mtoto analia kwamba maji ni ya baridi. Tukapanda bodaboda.

Tulikopelekwa swali la kwanza lilikuwa: "Mbwa ni wa kwenu au wa mtaani?" Tukasema ni popo. Mhudumu akaweka kalamu chini, akatuonea huruma. "Mama, popo hana kichaa. Ndiyo maana kinaitwa kichaa cha mbwa."

Basi sawa. Popo alikosea, angebweka kwanza.

Jina hili limetupumbaza. Ukoo wa kirusi cha ugonjwa huu barani kwetu ni mpana: Lagos, Nigeria, mwaka 1956 kimoja kilitoka kwa popo wanaokula matunda, Ibadan mwaka 1968 kingine kikaitwa Mokola, kikitoka kwa virukanjia, wanyama wadogo kama panya, na mwaka 2009 kingine kikapatikana kwa popo wa pango la Shimoni, pale pwani ya Kenya karibu na mpaka wetu. Na msiniambie popo hawaui watu. Mwaka 2007 mwanamke Mholanzi alikwaruzwa usoni na popo Tsavo Magharibi, hapo tu ukishavuka Holili na Taveta. Hakupata chanjo, akarudi kwao, akafa kabla mwaka haujaisha. Kilikuwa kirusi cha Duvenhage, ambacho jina lake lenyewe ni la mtu aliyeng'atwa na popo Afrika Kusini mwaka 1970 akafa.

Lakini kinachoninyima usingizi ni fungo, mnyama wa porini, wa Ikoma. Mei 2009, kule Ikoma, Serengeti, fungo mwenye dalili zote za kichaa alimng'ata mtoto, askari wa hifadhi wakamuua. Hadi hapo ni habari ya kawaida kabisa. Kwetu ingeishia hapo: anachomwa, anafukiwa, watu wanakunywa chai. Ila Serengeti kulikuwa na watu waliokuwa wakifuatilia kichaa kwa miaka, wakakusanya ubongo wa kila mnyama aliyeshukiwa. Ubongo wa fungo yule ukachukuliwa, vinasaba vyake vikasomwa hadi maabara ya Weybridge, Uingereza, ikaonekana si kirusi tunachokijua. Ni ndugu wa mbali mno. Na protini ya juu yake, ile ambayo kingamwili huitumia kumtambua adui, imetofautiana kiasi kwamba kingamwili za chanjo hazikizuii. Chanjo zetu zote, za mbwa na za watu, zimetengenezwa kwa kirusi kilekile cha kawaida. Duvenhage kiko karibu nacho, kwa hiyo chanjo inasaidia, na ndiyo sababu mtoto wa jirani alistahili sindano siku ileile. Mokola na cha Lagos viko mbali. Cha Ikoma kiko mbali zaidi.

Ni fungo mmoja! Laiti angefukiwa, tusingejua kitu. Sasa niambieni, ni mafungo wangapi tumewafukia kuanzia Rombo hadi Monduli?

Haya, najua mtakachosema. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa wameng'atwa na mbwa, na asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa ugonjwa unakatika. Kweli. Nakubali, ingawa mbwa wa mtaa huu sijui mara ya mwisho waliiona sindano lini. Hata baadhi ya mbwa mwitu wa Serengeti waliuawa na kichaa. Mchanjeni mbwa. Lakini kumchanja mbwa hakumzuii mtu kuandika neno "popo" kwenye daftari.

Mtoto alichanjwa kesho yake, kwingine, kwa pesa za mchango wa majirani. Yuko salama, anacheza. Popo je? Baba yake mdogo, kwa nia njema kabisa, alimponda kichwa kwa jembe akamtupa chooni. Kichwa! Na ubongo ndio unaotakiwa maabara.

Jioni nilimfuata mjumbe, nikamwomba awatangazie watu kwamba mnyama akimng'ata mtu bila sababu, wasimtupe: wasimshike kwa mikono mitupu, wamfunge kwenye mifuko miwili, wampigie afisa mifugo. Alinisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Sawa mwalimu. Na afisa mifugo akija baada ya siku tatu, huyo popo nimweke wapi, kwenye friji ya mama watoto?"

Sikuwa na jibu.